Mjaka wa Shimo la Shabaha

Mjaka bin Miraji hakuwa askari hata siku moja. Hakuvaa kofia ya kishada, hakumpigia mtu saluti, na gwaride alikuwa akiliita matembezi ya wasio na pa kwenda. Lakini waulize waliopitia skuli ya makuruta ya Kwa Hamda, ile iliyokuwa katika shamba la mikarafuu njia ya Kidichi, wanamkumbuka nani pale. Mkuu wa skuli watamsahau jina. Shaushi aliyewachapa fimbo watamkumbuka kwa shingo upande. Lakini Mjaka, aliyekaa shimoni miaka kumi na minne akipunga bendera, wataanza kucheka kabla hujamaliza kumtaja.

Aliipata kazi hiyo kwa sababu ya punda.

Hiyo ilikuwa mwaka 1893. Mjaka alikuwa mtu wa Chwaka, mfupi, mnene wa mapaja, mwenye sauti ya mnadi na mdomo usiokuwa na breki. Kabla yake alikuwa hamali bandarini Malindi, hapo Unguja mjini, lakini alimbandika nyapara wao jina la Pweza Mkavu, jina likashika, na Mjaka ikambidi aondoke. Sasa alikuwa akichukua nazi kwa punda kutoka mashamba mpaka mjini. Asubuhi moja, kwa uvivu wa kuzunguka, akakata njia katikati ya konde asilolijua. Punda alipofika katikati akakaa chini. Hapo hapo bunduki zikaanza kulia.

Makuruta walikuwa wakijifunza kulenga. Risasi moja ikaingia katika mnazi, nyingine ikagonga ukuta wa kisima, nyingine ikatoboa paa la jiko la skuli na mpishi akatoka mbio na upawa mkononi. Shaushi Hamoud, msimamizi wa mafunzo, Mwarabu wa mjini mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko watoto wake, akapuliza kipenga na kukimbilia kondeni akidhani atakuta maiti. Alimkuta punda palepale, anasinzia. Mwenye punda alikuwa ameegemea ubao wa shabaha, miguu ameinyoosha, anatafuna tambuu.

"We mtu una wazimu?" Hamoud akamfokea. "Umekaa kwenye shabaha!"

"Naam, Shaushi," Mjaka akajibu. "Nimetazama kila upande, nikaona hapa ndipo mahali pekee ambapo risasi hazifiki."

Mkuu wa skuli alikuwa Mwingereza mwenye miguu mirefu na magoti makubwa, ambaye makuruta walimwita Bwana Korongo. Naye alikuwa ameshafika, anataka kujua mtu huyu kasema nini. Hamoud akamtafsiria huku uso umemshuka. Bwana Korongo akacheka mpaka akashikilia ule ubao asianguke. Ikawa bahati, maana mpunga bendera wa pale alikuwa amekimbia juzi yake na kuacha viatu vyake nyuma. Mjaka akaajiriwa siku ile ile, na punda wake akaajiriwa pamoja naye kuchota maji.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Chini ya ubao wa shabaha palikuwa na shimo la kimo cha mtu, limezungushiwa magogo ya minazi na kifusi. Mpunga bendera hukaa humo. Bunduki zikishalia, huchungulia karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, kisha huwaarifu walio mbali. Risasi ikiwa imeingia katikati, hunyanyua kijiti chenye kibao cheupe. Ikiwa imegusa pembeni, kibao cheusi. Ikiwa imekwenda zake isikojulikana, hupunga bendera nyekundu, na kuruta aliyekosa hukimbia kulizunguka shamba zima juani, bunduki kaishikilia juu ya kichwa.

Mwaka wa kwanza Mjaka alipunga bendera mpaka bega likamvimba. Alikuwa akiipunga kwa namna zake. Kuruta mpole akikosa, alipungiwa taratibu kama mtu anayefukuza nzi. Kuruta mwenye majivuno akikosa, bendera ilikata kiuno, ikazunguka, ikainama, ikatetemeka, na kikosi kizima kikavunjika mbavu mpaka Shaushi Hamoud akalia kwa hasira. Hamoud mwenyewe alipokosa, bendera ilitoka polepole sana, ikasimama, kisha ikaanguka kama iliyozimia.

Uongo ulianza kwa muhogo. Mkewe Biasha alikuwa amemfungia bakuli la muhogo wa nazi na kipande cha papa, na zamu ya kulenga ilikuwa ya Silima, mwanamume mrefu wa Makunduchi aliyekuwa akifumba macho yote mawili kabla ya kufyatua. Bunduki ikalia. Mjaka hakuwa na haja ya kuchungulia. Risasi za Silima alizijua kwa sauti zikipita juu ya minazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya bakuli, akanyoosha wa kushoto akashika kijiti kilichokuwa karibu zaidi. Kilikuwa cha kibao cheupe.

Huko mbali pakazuka kelele. Makuruta walimnyanyua Silima mabegani. Bwana Korongo akampa mkono. Mjaka akachungulia kwa tundu la magogo, akauona uso wa yule mtu, akasita kidogo na papa mdomoni. Kisha akatafuta kijiti cha mkarafuu, akakichonga kikawa na unene wa risasi, akakisukuma katikati ya karatasi. Tundu likatoka zuri sana.

"Umesema uongo," Biasha akamwambia alipohadithiwa.

"Sikusema neno. Nilikuwa nnakula."

Kuanzia hapo Mjaka akawa na rehema kubwa. Mwenye mke mgonjwa alipata katikati. Aliyelia usingizini kwa kukumbuka kwao alipata katikati. Aliyemletea chungwa alipata katikati mara mbili. Wenye maringo tu ndio waliokimbia kulizunguka shamba. Miaka miwili baadaye Bwana Korongo aliwaandikia wakubwa wake kwamba skuli ya Kwa Hamda imetoa walengaji hodari, haijapata kuonekana, na wakubwa wakamjibu kwa barua nzuri aliyoitundika ukutani.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka 1896. Sayyid, mtawala wa Unguja, alifariki ghafla, ikulu ikagombaniwa, na manowari za Kiingereza zikajipanga bandarini. Makuruta wa Kwa Hamda waliletwa mjini wakawekwa Malindi, nyuma ya magunia, mbele ya ghala moja. Mjaka akaamriwa kuchukua masanduku ya risasi. Ng'ambo ya uchochoro walikuwa wamejipanga watu wa upande wa pili, wa ikulu, na hao hawakuwa wageni. Silima alichungulia akamwona kaka wa mkewe, kilemba kimemkaa upande kama siku ya harusi.

"Shemegi!" Silima akamwita. "Rudi nyuma, utaumia!"

"Rudi wewe!" shemegi akajibu. "Na dadangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu!"

Amri ikatoka, bunduki zikalia pande zote mbili. Mjaka alilala kifudifudi juu ya sanduku lake. Alipoinua kichwa, moshi ulipopungua, aliona tangi la maji linavuja juu ya paa, kanzu iliyoanikwa ina matundu matatu, na kunguru mmoja asiyekuwa na ugomvi na mtu yuko chini amekufa. Basi. Shemegi alikuwa akifunga kilemba chake upya.

Kisha manowari zikaanza, na mizinga ile haikuhitaji mtu wa kuipungia bendera. Haikutimia hata saa moja. Ilipokwisha, ikulu ilikuwa moshi na vifusi, na Mjaka alishinda akisaidia kuchukua maiti, wengine akiwajua kwa majina. Watu husema siku ile ndiyo pekee ambayo hakumtania mtu.

Alifika kwake magharibi. Biasha akamwekea maji ya kunawa, akamwekea chakula, hakukigusa.

"Wale wetu," akasema mwisho, "hawakumpata mtu hata mmoja. Walengaji hodari wa Unguja nzima."

"Alhamdulillahi," Biasha akasema.

"Nnaogopa ni kazi yangu mimi."

Biasha akasogeza bakuli karibu naye. "Kama ni kazi yako, basi ndiyo kazi njema pekee uliyoifanya tangu unioe. Kula."

Bwana Korongo hakuona hivyo. Alikuwa na barua yake ukutani, na alikuwa na habari ya tangi. Wiki mbili baadaye akateremka mwenyewe shimoni, magoti yakimgonga kidevu, akatazama karatasi za zamani, akatazama kila pembe. Akaokota kijiti cha mkarafuu.

"Hii nini?"

"Mswaki, Bwana."

"Mswaki ya nani? Ya tembo?"

Akakiingiza katika tundu moja la karatasi. Kikaingia kama ufunguo. Akakiingiza katika la pili na la tatu. Mjaka akatazama juu, akaona mbingu nzuri sana siku hiyo.

Ajabu ni kwamba hakumfukuza. Pengine aliona aibu kuandika sababu. Alimwita Shaushi Hamoud atafsiri, ili pasibaki neno lisiloeleweka, akasema kwamba kuanzia leo anataka kweli. Kweli tupu, kwa kila mtu.

"Kwa kila mtu, Bwana?" Mjaka akauliza.

"Kila mtu!"

"Kasema kila mtu," Hamoud akatafsiri, masharubu yakimcheza kwa furaha.

Mwezi uliofuata wakaja wageni: wakubwa wa serikali, wake zao wenye miavuli, na mabwana wawili kutoka jumba la Sayyid mpya. Skuli ilikuwa imepata bunduki mpya, na Bwana Korongo akataka kuwaonyesha wageni uzuri wake kwa mkono wake mwenyewe. Risasi kumi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka asubuhi ile. Wengine husema ni homa, wengine husema ni chupa. Akalala chini, akalenga kwa muda mrefu, akafyatua.

Bendera nyekundu ikapunga.

Akafyatua tena. Bendera nyekundu. Ya tatu, bendera. Ya nne, bendera. Mjaka hakufanya mzaha wowote, aliipunga kwa adabu, wima, kama alivyofundishwa. Makuruta waliokuwa wamepangwa nyuma walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu, na mabega yanatikisika. Baada ya ya nane, Shaushi Hamoud akazunguka kwa mbio nyuma ya minazi mpaka shimoni, jasho linamtiririka.

"Mjaka, unataka kutuua? Nyanyua cheupe!"

"Kasema kweli tupu, kwa kila mtu. Ulitafsiri mwenyewe."

"Basi nyanyua hata cheusi!"

"Sina pa kukinyanyulia, Shaushi. Tazama karatasi hiyo, bikira."

Risasi ya tisa ikakata mti wa bendera yenyewe. Mjaka akaokota nusu iliyobaki, akaipunga hiyo. Mke wa mkubwa mmoja, akidhani ndilo lililokusudiwa, akapiga makofi.

Alifukuzwa kabla ya adhuhuri. Akamfungua punda, akarudi kwake mtaa wa Ng'ambo, na jioni yake barazani pakajaa watu wa kuhadithiwa, kila mmoja anataka aanzie risasi ya kwanza.

Kwa Hamda mambo yakaharibika. Askari wa kwanza aliyetiwa shimoni alizimia kwa mlio wa kwanza. Wa pili alitaka kwanza aletewe kadhi aandike wasia. Wa tatu alilichimba shimo likawa refu mpaka maji yakatoka, na bendera yake haikuonekana na mtu. Wiki sita skuli ya kulenga haikulenga kitu. Mwisho Bwana Korongo akapanda farasi, akaja Ng'ambo, watu wakimfuata nyuma kama harusi.

Biasha alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Hakuinuka.

"Mjaka iko?" Bwana Korongo akauliza kutoka juu.

"Kwetu mtu hupiga hodi kwanza," Biasha akasema, "na hodi haipigwi juu ya farasi."

Bwana Korongo akateremka. Kwa urefu wake alishuka kwa mafungu, kwanza mguu mmoja, kisha mwili, kisha mguu wa pili ukafuata baadaye. Akasimama kofia mkononi.

"Hodi, Bi Biasha."

"Karibu. Mume wangu amelala. Ukimtaka tena shimoni, shimo liezekwe makuti, jua linampiga. Na Ijumaa haji, asubuhi mpaka jioni. Na yule shaushi wako asimwite mjinga mbele ya watu."

"Na yeye asema kweli?"

"Atasema. Lakini wewe, bwana, usilenge tena."

Mjaka, ambaye hakuwa amelala, alikuwa nyuma ya mlango kajiziba mdomo kwa kanga ya mkewe.

Akarudi, na kazi yake ikageuka, bila ya mtu kumwamuru. Kwa miaka alikuwa akiyatazama matundu kuliko mtu yeyote pale, na alikuwa ameshajua kila kosa linakotua. Anayeogopa kishindo, risasi yake hupanda juu. Anayevuta kwa pupa, huangukia kushoto. Sasa kila mlio ukimalizika, alitoa kichwa akapiga kelele kwa ile sauti yake ya mnadi:

"Wa tatu! Hiyo bunduki si mke wa mtu, ikumbatie vizuri! Wa tano, pumua kwanza! Silima! Silima, jicho moja! Funga moja, la pili ndilo la kutazamia, baba!"

Silima akajaribu kwa jicho moja. Kibao cheusi kikatoka. Akakataa kuamini. Aliacha safu, akakimbia mpaka shimoni kutazama mwenyewe.

"Mjaka, niambie kwa haki ya Mungu. Si kijiti?"

"Kijiti kakichukua Mzungu. Hiyo ni yako."

Silima akaligusa tundu kwa kidole, akalia mbele ya watu, mwanamume mrefu vile. Mjaka akageuza uso akamwambia aondoke upesi, wenzake wanangoja kufyatua. Miaka mitano baadaye Silima ndiye aliyekuwa akifundisha kulenga, na kila kikundi kipya alikipeleka kwanza shimoni kumwamkia Mjaka.

"Shikamoo, Mzee Mjaka!"

"Marahaba, wauaji wangu. Lengeni vizuri, nna wajukuu."

Mwaka 1903 Shaushi Hamoud, kwa risasi moja, alimpata. Risasi iligonga jiwe, kipande cha jiwe kikaruka, kikaingia katika tako la kushoto la Mjaka wakati ameinama kuokota tambuu yake. Wote walisikia ukelele. Hamoud akatupa bunduki akaanza kusoma shahada kwa niaba ya mwenzake. Kikatoka shimoni kibao cheupe, juu kabisa, kikitetemeka.

"Katikati!" sauti ikasema. "Shaushi Hamoud, leo umepata katikati!"

Alilala kifudifudi wiki tatu. Skuli nzima ilikwenda kumtazama kwa zamu, na kila mmoja alitaka aonyeshwe jeraha, na Biasha aliwatoa kwa mwiko. Hamoud alikwenda kila siku. Alimletea halua, akamsomea Kurani, akamkanda miguu. Siku ya nne Mjaka akamwambia, "Shaushi, miaka kumi unanichukia, nami nakuchukia vizuri tu. Kumbe ilitaka jiwe." Hamoud akacheka kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, na ikaonekana hana meno mawili ya mbele, ndiyo maana ya yale masharubu.

Serikali ilipovunja jeshi lake mwaka 1907 na kuleta askari wengine, skuli ya Kwa Hamda ikafungwa. Bwana Korongo alikuwa ameshakwenda kwao zamani. Siku ya kukabidhi, karani alikuja na orodha ya vifaa, akauliza yule mzee wa shimoni ameandikwa wapi, kwenye watu au kwenye vyombo. Alitafuta kote hakumwona. Miaka kumi na minne Mjaka alikuwa akipata posho yake kwenye fungu la lishe ya punda. Watu walikasirika kwa niaba yake. Yeye alitaka kujua tu kama punda alikuwa akipandishwa daraja.

Wakahamia Chwaka, kwa ndugu zake. Aliubeba ubao mmoja wa shabaha akaufanya mlango wa choo, na wageni wakichungulia kwa matundu yake alikuwa akiwataja wenyewe mmoja mmoja: hili la fulani, hili la fulani, hili la uongo. Alikaa huko miaka mitano, akitia samaki chumvi na kuwapa majina ya utani wavuvi wasiokuwa na kosa. Alifariki mwaka 1912, asubuhi, baada ya kulalamika kwamba uji hauna sukari.

Habari ilifika mjini adhuhuri, na kesho yake watu wakamiminika Chwaka kwa miguu na kwa punda. Waliokuwa askari sasa walikuwa makuli, wachuuzi, mapolisi, mmoja muadhini. Alizikwa bila ya wao kuwahi, kwa hiyo walisimama kaburini kwa safu, kwa mazoea, wakiwa hawajui mikono waiweke wapi. Silima alikuwa amekuja na bunduki ya kazini, na wengine wawili pia. Akamwendea Biasha kwa heshima.

"Bi Biasha, tunaomba ruhusa tumpigie risasi tatu hewani. Ndiyo heshima ya askari."

Biasha, macho mekundu, akawatazama kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Akazitazama nyumba za jirani, akaitazama minazi, akamtazama ng'ombe wa shangazi yake aliyefungwa mbali.

"Hapana," akasema. "Nnakujueni nyote. Kaeni chini mle wali."

Wakakaa, wakala. Shaushi Hamoud, mzee sasa, alichelewa kufika kwa sababu ya magoti. Alikaa Chwaka siku nne, akausimamisha upya ua wa Biasha uliokuwa umelala, akamkatia kuni, na jioni akikaa peke yake upande wa kaburi akimsomea Mjaka, na mara moja moja, waliokuwa karibu wanasema, akikatiza kisomo katikati kwa kicheko.